Sosi Iliyonichafulia Shati

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nyumbani kwangu hakukaliki na chanzo ni sosi ya baga, tafadhali usinicheke.

Mimi ni fundi umeme, nina mke, na nina dada yangu mkubwa, fundi cherehani, anayeishi peke yake mtaa wa pili, na kila Jumamosi jioni huja kwetu tule baga, mimi nanunua mikate na nyama ya kusaga, mke wangu anatengeneza sosi yake nyeupe ya mayai, mafuta na kitunguu saumu, dada naye anakuja na chupa ya sosi yake nyekundu ya nyanya za kuchoma na pilipili, halafu kila mmoja ananikodolea macho aone nitapaka ipi. Mimi sipendi ugomvi, kwa hiyo jikoni namwambia mke wangu, "Yako ndiyo sosi," na barazani namwambia dada, "Yako ndiyo sosi," kisha wakigeuka kidogo nazipaka zote mbili kwenye mkate mmoja, na Shangazi, nakuapia, ni tamu mpaka unafumba macho.

Jumamosi iliyopita nilivaa shati jeupe, nikang'ata, sosi ikachuruzika mpaka kifuani, na haikuwa nyeupe wala nyekundu, ilikuwa rangi ya waridi. Wote wawili wakalitazama shati. Dada akasema, "Kumbe!" Mke wangu akasema, "Haya, eleza." Nami kwa kutaka kutuliza mambo nikasema eti kila moja peke yake bado haijafika, ila zikikutana ndipo zinafika.

Dada kachukua chupa yake kaondoka, anasema haji tena mahali ambapo sosi yake inazimuliwa, mke wangu naye anasema yake haikuomba kutiwa rangi na mtu, na tangu siku hiyo ananiwekea mezani sosi ya dukani, hata kwenye mayai ya asubuhi. Hiyo naweza kuivumilia. Lakini dada hana mwingine wa kula naye, jana nimepita dirishani kwake nikamwona anakula amesimama kando ya cherehani, na moyo umeniuma. Nimsifu nani kwanza?

Niliye Kati ya Bakuli na Chupa

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, nisamehe, kisha nikakasirika kidogo kwa niaba ya hao wawili.

Hukukosea kuchanganya. Mdomo ni wako, upe unachopenda. Ulikosea kuwa na maneno ya jikoni na maneno ya barazani, na ulipokamatwa ukajifanya hakimu. "Bado haijafika"! Mtu kachoma nyanya mpaka macho yakamtoka machozi, mwenzake kapiga mayai mpaka bega likamuuma, wewe umekaa na mkate wako unagawa maksi? Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali uliposhika hata mwiko. Sijapaona.

Usimsifu mtu. Sifa zako kwa sasa hazina soko. Jumamosi hii sosi utatengeneza wewe: kiini cha yai, haradali kidogo, ndimu, na mafuta unayatia tone kwa tone huku unakoroga. Tone kwa tone, nasema, ingawa nakujua, utachoka, utamimina, na itakatika, mafuta huku, yai kule. Usiitupe wala usiifiche. Iweke mezani hivyo hivyo. Mkeo atajikaza kidogo tu, kisha atakunyang'anya bakuli, avunje yai jingine aiokoe. Dada yako ataonja, atasema haina pilipili, na ataulizia chupa yake. Watakusema wewe kuanzia mkate wa kwanza hadi wa mwisho, na wakishaanza kukucheka pamoja hawatakumbuka kununiana. Wewe kula, na useme asante wakiwa wote wawili wanasikia.

Ila dada yako haji kwa ujumbe wa simu. Nenda leo ukitoka kazini, ubishe hodi, na mkeo akikubali mwende pamoja. Usianze na habari za sosi. Mwambie umemwona akila amesimama, na kiti chake kwenu kipo. Hilo umeniambia mimi, mtu usiyemjua, na yeye hujamwambia.

Na Jumamosi vaa lile shati, na doa lake.