Jino la Mbele la Daktari

Baba,

Tulia nikusimulie, maana Jumamosi nimekulipizia kisasi.

Siku ile daktari wa meno alipokufukuza kazi ya kumchanganyia dawa ya kuzibia pale Kawangware, alikunyooshea kidole mbele ya foleni nzima. "Mkono wa huyu mzee umechoka. Anachanganya dawa majimaji, ndiyo maana meno niliyoziba yanaharibika." Ulirudi kwetu Kianda kwa miguu, kibao chako cha kioo cha kuchanganyia kikiwa mfukoni mwa koti, ukakaa kitandani bila kuvua viatu. Mwaka haukuisha, tukakusafirisha kijijini kukuzika. Mama husema ni kifua. Mimi najua ni yale maneno.

Basi nikaenda kuomba kazi kwake, kupiga deki na kuchemsha vyombo. Nikasema naitwa Mama Simiyu. Nani humuuliza mwanamke aitwaye kwa jina la mtoto kwamba yeye ni binti wa nani? Baadaye akanipa kazi yako ya kuchanganya. Nilifanya ulivyonifundisha nyumbani kwa unga wa ugali: kioo kipoe kwanza kwenye maji ya mtungi, kifutwe kikauke kabisa, kisha unga uingie kidogo kidogo mpaka ushikane. Na bado, Baba, wagonjwa walirudi wakilalamika vilevile. Palipozibwa pamekuwa na mikwaruzo, ulimi unakereka, chai inaacha weusi.

Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza. Kila aliyezibwa jino alikuwa akiitwa tena kutiwa floraidi, ile yenye tindikali, inayowekwa kwenye kisahani kinachoingia mdomoni na kung'atwa dakika nne. Kwa jino lenyewe ni dawa nzuri, hulikaza lisioze, hilo sikatai. Lakini unga wetu wa kuzibia umesagwa kutoka kwa kioo. Na chupa ya floraidi ni ya plastiki, imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba dawa hiyo isihifadhiwe kwenye kioo. Daktari ana macho, na kusoma anajua.

Nikaipaka floraidi nusu ya kioo chako, siku baada ya siku. Nusu hiyo ikafifia kama dirisha la jikoni, nyingine ikabaki ilivyokuwa. Kumbe floraidi ndiyo iliyokuwa ikila meno yaliyozibwa, si mkono wako. Nililia, kisha nikacheka, Mama akadhani nimerukwa na akili.

Halafu nikakumbuka jino lake la mbele. Wewe ndiye uliyemchanganyia dawa mwaka wako wa kwanza, daktari mwenzake akaliziba. Mkono ni ule ule, unga ni ule ule, na mpaka leo linang'aa. Floraidi hajawahi kuitia mdomoni mwake.

Jumamosi foleni ilikuwa imejaa, wengine ni walewale waliokuona ukifukuzwa. Nilisimama katikati nikainua kioo. Nikawaambia mimi ni Nekesa, binti yako, na nikawaeleza yote. Daktari akatoka mbio. "Msimsikize huyu mama! Hii dawa haiharibu kitu!"

Nikajaza kisahani nikamletea. "Basi king'ate, daktari. Dakika nne tu."

Baba, laiti ungemwona! Alifunga mdomo, akaufunika kwa kiganja, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango. Mama mmoja kwenye benchi akauliza, "Kwani anaogopa nini? Si ni dawa tu?" Mwingine akasema, "Kumbe tulimtukana yule mzee bure." Nilitamani sana usikie hilo.

Amenifukuza, bila shaka. Na anifukuze. Sikwenda pale kutafuta kazi, na sijaridhika bado.

Kwaheri, Baba yangu. Jumatatu nitakuwa nje ya lango lake na kioo chako mkononi, na kila mgonjwa atakishika kabla hajaingia. Nitafanya hivyo kila siku, mvua inyeshe au jua liwake, mpaka aje Kianda, aketi mbele ya Mama, na kwa mdomo ule ule wenye jino lako aseme kwamba mkono wako haukuwa umechoka.

Binti yako,
Nekesa