Imeiva, Mpishi Wetu

Mwaka umetimia tangu ututoke, Mpishi wetu, na bado tukifika mlangoni kwako tunanyata, tusije tukakuvurugia hesabu zako.

Jina la Mpishi ulipewa na shangazi, wala halikuwa la sifa. Chai yenyewe ulikuwa ukiisahau jikoni mpaka sufuria linabadilika rangi. Lakini ukiulizwa kompyuta yako inanguruma nini kutwa nzima, jibu lilikuwa moja: "Inapika." Shangazi naye hakukuacha. "Mkemia gani wewe? Chupa huna, koti halina hata doa!" Ukacheka, ukamkalisha, ukamweleza kwamba ugonjwa ni kama sufuria na dawa ni kama kifuniko, kazi yako ni kuvijaribu vifuniko ndani ya kompyuta, kimoja kimoja, kabla mtu hajahangaika navyo maabara. Akaelewa. Kuanzia siku hiyo akawatangazia majirani kwamba naye ni mkemia.

Ulikuwa mpole mno. Mama alipoizima kompyuta kwa kuionea huruma, eti inahema kama mgonjwa, kazi ya wiki nzima ilipotea. Ulishika kichwa, ukatoka nje, ukarudi na ndizi mbivu anazozipenda. "Kosa langu, mama, sikukwambia." Kisha ukabandika karatasi juu ya kitufe: "Usizime, Mama. Inapika."

Homa ilikuchukua ghafla, hesabu yako ya mwisho ikiwa bado motoni. Siku ya msiba watu walitafuta pa kuchajia simu, mmoja akanyoosha mkono kwenye waya wako. Mama akainuka. "Huo msiuguse! Mwanangu kasema inapika."

Haikuguswa. Ilipotulia yenyewe, mwenzako wa maabara alikuja kuisoma, akacheka na kulia kwa pamoja. Kifuniko kilikuwa kimepatikana. Mwalimu wako, aliyekwisha kutuambia kwamba kazi isiyokamilika haishindanishwi, akaibeba mwenyewe hadi kwenye kamati ya tuzo za chuo.

Basi tuzo ya utafiti bora wa wanafunzi wa uzamili ni yako, Mpishi. Mama alipanda jukwaani kuipokea, wakampa kipaza sauti. "Mimi kemia siijui," alisema. "Nilichojua ni kutozima tu." Ukumbi mzima ulisimama, na baba, ambaye hujifanya hana machozi, aliazima leso ya mtu asiyemjua.

Juzi mama aliiweka tuzo mezani kwako, akaibandua ile karatasi, akabonyeza kitufe kwa mkono wake.

"Imeiva, mwanangu. Sasa pumzika."

Unakumbukwa na mama na baba, dada zako wawili, kaka yako mdogo anayevaa koti lako lisilo na doa, binamu zako wote, na shangazi yako mkemia. Chumba chako kiko kimya siku hizi, nasi kimya hicho hatujakizoea. Kukusahau hatuwezi, leo wala siku yoyote.