Kigoda cha Mama Nimekitwaa

S.L.P. 218,
Kumasi.
9 Agosti, 1998.

Mpendwa mdogo wangu Adomako,

Habari za Gaborone? Baridi imepungua? Na kile kifua chako? Huku wote wazima, ila mimi naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinapepesuka. Usihamaki. Soma mpaka mwisho kwanza.

Kigoda cha mama nimekitwaa. Kile kile ambacho baba yetu wa kambo, Amponsah, alituambia kakitupa mtoni. Mwezi jana nikasikia yuko nacho, anapasulia kuni juu yake nyuma ya jiko, na usiku anakiacha kimesimama wima, mzimu wowote upitao ukikalie. Kigoda cha marehemu, Adomako! Hata kukilaza ubavu kulimshinda. Nikafunga safari.

Nilimkuta na shoka mkononi. Nilipiga magoti nikaomba kwa adabu, maana kigoda cha mama ni cha ukoo wa mama, mtoto mdogo anajua. Akacheka. Akasema alikinunua yeye siku ya kumwoa, na atakipasua yeye. Akakishushia shoka, kikawa vipande viwili. Ninachokumbuka ni mchi wa kutwangia fufu uko mikononi mwangu na yeye yuko chini, taya limekwenda upande. Akanyanyuka na panga. Vidole vyangu viwili vilibaki pale kwenye mavi ya kuku. Nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu, na sijuti. Majirani ndio walionibandua.

Mjomba Nsiah alinipakia kwenye gari lake la kakao, mimi na vipande vya kigoda pamoja, akanigombeza njia nzima kwamba mwanamke wa miaka arobaini hapigani kama jogoo. Lakini vipande alivifunika kwa shuka lake mwenyewe.

Baada ya hospitali nilivipeleka kwa Mzee Dwomo, mchonga vigoda. Alivigeuzageuza. Kisha akanionyesha vijiti vya zamani vilivyopigiliwa ndani ya mguu wa kati.

"Hii ni kazi ya mkono wangu," akasema. "Mama yenu aliniletea mara mbili nikiunge, kimevunjika. Mara ya pili alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, damu inapenya. Akasema kimeanguka. Binti yangu, kigoda hakivunjiki hivi kwa kuanguka."

Wiki ile haikuisha tukamzika, unakumbuka. Nilimuuliza mzee mbona hakusema. Akajibu kwamba ilikuwa ndoa ya watu. Nilimtukana mzee wa watu mpaka mate yakanikauka, naye akaniacha nitukane, anachonga vijiti vipya.

Sasa nisikilize. Ulikuwa na miaka tisa. Amponsah alisimama matangani akasema ulisahau kukilaza kigoda, mzimu ukakikalia, mama alipokikalia akapata maumivu ya kichwa yaliyomuua. Akakuchapa waya mbele ya wafiwa. Tukanyamaza sote. Nami niliamini, mdogo wangu. Miaka ishirini na miwili nimekuhurumia kama anavyohurumiwa mkosaji. Naona aibu kuandika hivi. Nisamehe.

Hukumuua mama. Alimuua yeye, kwa kigoda hicho hicho alichomwolea.

Najua utataka panga. Liache. Kesi iko kwa chifu, mjomba anaisimamia, na Amponsah anakunywa uji kwa mrija. Nimeshapiga kwa ajili yetu wawili.

Mzee Dwomo amemaliza kukiunga. Nimekisugua kwa mchanga na ndimu, kwa mkono huu mmoja, siku tatu. Alama ya shoka nimekataa ifutwe.

Msalimie wifi Keneilwe na umbusu mwanao Tau. Mjomba Nsiah anakusalimu, na shangazi Pokuaa anauliza kama bado unakula ugali wa mtama. Mungu akufungulie njia, na wazee waliotutangulia wakushike mkono.

Kigoda kimelala ubavu chumbani kwangu. Juzi mjomba alitaka kukisimamisha akikague, nikamzuia. Mkono utakaokisimamisha ni wako. Njoo.

Wako akupendaye tangu ukiwa mgongoni,
Dada Afrakoma