Vantilateri Niliyoifunga Mwenyewe

Nguba, Bukavu

Mardochée, mdogo wangu mpendwa,

Binti yangu Delphine anakusalimu. Bado anapika sombe ile ya majani ya muhogo unayoipenda. Mimi napumua kwa shida, kwa hiyo sitazungusha maneno.

Unakumbuka gari letu lilivyounguza moteri pale Miti, siku ya harusi ya Delphine? Mbele ya wakwe, mimi kaka yako mkubwa nilikuita mzembe, eti hukutia maji. Ulisema, "Yaya, maji niliweka, mi naapa!" Nikakunyamazisha, nawe ukahamia Kindu.

Wiki ile nilikuwa nimetoa vantilateri ya zamani, feni ya kupoza moteri iliyozungushwa na moteri yenyewe, nikafunga ya umeme mwenyewe, kwa kiburi cha mwalimu wa fizikia. Fundi alipoiangalia baadaye alicheka: "Mwalimu, ulipindua nyuzi za umeme! Vantilateri iko narudisha upepo inje!" Nikamsihi asimwambie mtu.

Jumapili iliyopita niliwaita wakwe walewale nikawaeleza yote. Mzee Ezéchiel, baba mkwe wa Delphine, akaniuliza, "Miaka kumi na mbili, Mwalimu, juu ya nyuzi mbili?"

Njoo, mdogo wangu, unigombeze ningali nasikia.

Yaya wako akupendaye,
Raphaël