Kwa nini sikufunga simu

Mujukuu wangu Neema,

Nakusalimia kutoka Jette, huku ng'ambo. Baridi imerudi, na magoti yananisumbua. Unaniuliza: "Koko, siku ya kumuzika mama, mbona uliacha video ya mazishi wazi kwenye simu yako huko muchana wote?"

Nilipokuwa kijana nilisafisha vyumba kwenye meli ya watalii, kule kwenye barafu. Siku moja tuliona sili, nyama wa baharini, anasukumasukuma mutoto wake na pua ili aamuke. Mutoto alikuwa amekufa. Watu wakapiga picha, halafu kengele ya chakula ikalia, wote wakaingia ndani. Sili hakuondoka.

Bon, basi, Neema. Mama yako alikuwa mutoto wangu. Kama ningefunga ile simu, ningeenda wapi?

Koko wako