Majaketi Matano ya Rangi Moja

Mama Salma, mke wangu,

Hapa Guangzhou wananiita mwana wa bahati, na safari hii hawajakosea. Viza ya Italia imetoka. Wenzangu wanazungushwa miezi, mimi afisa kaniangalia mara moja tu, tukacheka, akagonga muhuri. Alhamisi napanda ndege Baiyun. Kabla hujaingizwa chumba cha upasuaji nitakuwa nimeshakaa pembeni ya kitanda chako huko Bologna. Mwambie dada yako akusomee taratibu.

Nakuandikia huku nafungasha. Nakumbuka mara ile tulipokwenda pamoja kumtembelea dada yako huko Bologna, mwezi wa nne, ukaniuliza, "Huko baridi au joto?" Nikakujibu kwamba anayeivalisha Kariakoo nzima hashindwi na watu wawili. Nikaenda zangu soko la nguo la Zhanqian, nikamwomba laoban, yule mama mwenye duka, majaketi mawili tu. Akatikisa kichwa. Jumla ni jumla: uchukue pakiti nzima, matano ya rangi moja, kuanzia dogo mpaka lile la kumvalisha tembo. Rangi yenyewe haradali. Nikabeba. Ili yaenee begini nikatoa sweta zako na mwavuli, wala sikukwambia.

Ulipofungua begi kwa dada yako ulikaa kitako. "Baba Salma, hizi ni sare za bendi?"

Asubuhi ukungu na baridi ya kung'ata. Ukavaa dogo, juu yake la kati, juu yake kubwa. Saa sita jua likawaka kama la Dar, ukavua moja, ukavua la pili, ukanitwika mimi. Saa tisa mvua ikashuka, ukayarudisha yote. Wazee waliokaa mkahawani wakatupigia makofi. Shemeji akatangulia hatua kumi mbele, anajifanya hatujui. Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Mjinga wangu," ukasema, "kumbe umepatia." Mimi nimesifiwa na matajiri wa bandari tatu, lakini sifa niliyoibeba ni hiyo.

Safari hii nimefungasha kwa akili. Sweta zote za vifungo mbele, maana shemeji kasema hutaweza kuinua mkono. Kanga nne nyepesi: baridi ikija jifunge shingoni, jua likitoka tandaza magotini. Viatu visivyopitisha maji. Soksi za kwako, siyo zangu. Mwavuli nimeutia wa kwanza kabisa.

Nimefunga, nimefungua, nimefunga tena. Jirani yangu Mkongo kachungulia mlangoni. "Papa, valizi hii unaifunga mara ngapi? Itakufa." Nikamwambia naifundisha adabu. Akacheka, akaondoka, nikakaa juu ya begi nikashika uso kwa mikono miwili.

Mke wangu, naogopa. Nimelala miaka ishirini upande wako wa kushoto, na huko ndiko wanakokata.

Begi litaletwa na mama mmoja anayekwenda Milano, shemeji akalipokee. Siku ya kutoka hospitali usidanganywe na jua la dirishani, vaa tabaka kwa tabaka kama siku ile. Uingie salama, utoke salama.

Mimi siji. Viza wamenikataa mara mbili, na huyo afisa hata hakuniangalia. Nilidanganya.

Mumeo,
Baba Salma