Mkasi Uliotoka Mezani Kwangu

Jumanne, 4 Machi

Siku ya tatu bila mkasi. Polisi wameutia kwenye bahasha, wakaandika namba juu kwa kalamu nyekundu. Mkasi wangu! Miaka kumi na tisa nashonea nao, mpaka kidole gumba kimeota sugu.

Mdogo wangu yuko mahabusu. Mumewe, shemeji yangu, yuko hospitali, mashine inampumulia. Mdogo wangu amemchoma nao mara moja tu, chini ya mbavu, juzi Jumapili mchana, vyombo vikiwa bado mezani.

Mpelelezi aliniuliza mkasi ulifikaje nyumbani kwao. Nikasema sijui. Ndilo neno lililowahi mdomoni. Akaandika, nikatia sahihi.

Leo nimejaribu kukata sare za shule kwa mkasi wa jikoni. Unatafuna kitambaa, haukati. Nimeacha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda duka la vyuma. Muuzaji ni mama mmoja, miwani yake imefungwa kwa uzi, anapenda mikasi kama wengine wanavyopenda mpira. Akanipa historia nzima bila kuombwa. Kwamba ya kale haikuwa na skrubu – kipande kimoja cha chuma kilichokunjwa, unakiminya kinakata, ukiachia kinafunguka chenyewe. Watu wamekatia manyoya ya kondoo hivyo kwa maelfu ya miaka. Baadaye ndipo wakatenganisha makali mawili, wakayashikiza katikati.

"Tangu hapo hakuna jipya, ni kunoa tu," akasema.

Akanipangia mitano kaunta. Wa nguo uwe mrefu, mpini uwe umepinda, ili ubapa wa chini ulale mezani na kitambaa kisinyanyuke. Ujaribu kwa ncha, si kwa shina. Ncha ikipita kwenye kitambaa laini bila kukivuta, huo ndio. Yote nayajua. Nikashika wa inchi kumi. Nikaangalia ncha. Nikaendelea kuiangalia.

Nikamuuliza kama ana wenye ncha butu.

"Hiyo ni ya chekechea, fundi. Kwani unashona nini?"

Nimerudi mikono mitupu.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji amefariki. Saa nne asubuhi.

Mpelelezi anasema shtaka sasa ni lingine.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeruhusiwa kumwona mdogo wangu. Dakika kumi, askari pembeni. Amekonda shingo. Hakulia. Akaniuliza kuhusu watu wa nyumbani, kisha, macho yake yakiwa kwa askari:

"Dada, yale mapazia niliyoazimia mkasi wako nikayakate, utanimalizia?"

Hakuna mapazia. Hajawahi kunitajia mapazia maishani mwake.

Nikasema nitamalizia.

Acha niandike hapa, maana kwingine siwezi. Jumamosi ile, siku moja kabla, alikuja kibandani kwangu mdomo umevimba, damu imeganda sikioni. Haikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa na sare arobaini za kumaliza. Nikamwambia avumilie, Jumatatu tutakwenda kwa wakwe zake tukayazungumze. Jumatatu! Nikainamia cherehani. Kwenye kioo cha kujaribia nguo nikamwona anachukua mkasi mezani, anautia mkobani, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Sikugeuka. Nilijua hauendi kukata kitambaa. Nikawaza – mwache amtishe nao kidogo. Nikaendelea kukanyaga.

Ijumaa, 4 Aprili

Wakili wake amenieleza. Kama mkasi uliazimwa kwa kazi, ukawa tu karibu ugomvi ulipozuka, huo ni mkono wa hasira. Atafungwa, atatoka. Kama aliutoa kwangu kwa ajili ya mumewe, basi alikusudia, na hatatoka.

"Lakini uliandikisha kwamba hujui," akasema. "Sasa ni bora ujue unachojua."

Hakuniuliza ukweli ni upi. Nimeona anakwepa kabisa.

Nimenunua ule wa inchi kumi. Umekata vizuri kuliko wa zamani. Nimekata sare kumi na mbili bila kupumzika.

Jumatano, 15 Oktoba

Naandika kwenye benchi la korido ya mahakama. Tumepumzishwa.

Mama wa marehemu alikuwa mstari wa mbele. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ileile ya siku zote. Bora angenitemea mate.

Wakanipandisha kizimbani, nikaapa. Mwendesha mashtaka akanionyesha mkasi ndani ya mfuko wa plastiki. Wa nani? Wangu. Umeshika kutu kwenye skrubu, hakuna aliyeufuta. Akasoma maelezo yangu ya Machi, pale niliposema sijui. Nikasema siku ile nilichanganyikiwa. Akatikisa kichwa kwa upole, kama anayenielewa.

"Basi sasa umetulia. Mshtakiwa alikuomba mkasi huu, au ulimwona akiuchukua?"

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anatazama mikono yake. Nikafungua mdomo. Wakili akasimama, akapinga jinsi swali lilivyoulizwa. Wakabishana. Jaji akaangalia saa, akasema turudi saa nane, shahidi asizungumze na mtu.

Sijazungumza na mtu. Nimekunywa maji. Nimejaribu majibu yote mawili kwa sauti ya chini, humu koridoni, na yote mawili yananitoka bila kukwama.

Karani amefungua mlango. Ananiita.